Kwa nini taarifa ya kuzimwa kwa televisheni inatutia kiwewe kuliko kukosa maji?

MwanaTanga ameandika:

Habari zenu wanajukwaa. Naomba kuuliza jambo ambalo halijaniondoka kichwani tangu wiki iliyopita, na ningependa hasa kuwasikia wale waliokuwa watu wazima wakati mitambo ya analojia, yaani mfumo wa zamani wa kurusha televisheni, ilipoanza kuzimwa mwaka 2012, kwa sababu mimi wakati huo nilikuwa shule ya msingi na ninachokikumbuka ni makelele tu.

Jumatano usiku mama yangu, ambaye anaishi peke yake kijijini kwetu mkoani Tanga, alinipigia simu saa nne na nusu, saa ambayo kwa kawaida huwa ameshalala, na kwa jinsi sauti yake ilivyokuwa nilidhani tumefiwa. Kumbe mjukuu wake alikuwa amemsomea ujumbe uliosambazwa katika kundi la ukoo, unaosema kwamba kuanzia tarehe mosi kila king'amuzi ambacho hakijahakikiwa kitazimwa, na mwenye nacho atalazimika kununua kipya. Ujumbe wenyewe haukutaja taasisi iliyoutoa, haukuwa na tarehe ya kuandikwa, wala namba ya simu ambayo mtu angeweza kupiga kuuliza. Pamoja na hayo, kulipopambazuka mama alikwenda kutoa fedha zake za kikoba, zile alizozitenga kwa ajili ya mbegu na vibarua wa kulima, akanunua king'amuzi cha pili akakiweka chini ya kitanda kama akiba. Majirani zake watatu walifanya vivyo hivyo, na duka la pale sokoni liliishiwa ving'amuzi kabla ya adhuhuri.

Sasa kinachonisumbua ni hiki. Bomba la mtaa wao lilikuwa halijatoa maji kwa siku kumi na saba. Wanawake wanaamka saa kumi alfajiri kwenda kisimani, na mama yangu mwenye umri wa miaka sitini na minane ni mmoja wao. Katika siku zote hizo hakuna mtu aliyekwenda kwa mtendaji wa kijiji kuuliza maji yatarudi lini. Lakini kesho yake baada ya ule ujumbe wa ving'amuzi, watu kumi na wawili walifika ofisini kwake kabla ya saa nne asubuhi, wengine wakiwa wameacha jembe shambani.

Je, hofu hii inatoka wapi? Ni kweli kwamba mwaka 2012 watu walipatwa na kiwewe cha namna hii, au tunasimuliwa kwa kutiwa chumvi? Na nimweleze nini mama bila kumfanya aone kwamba namdharau?

FundiChogo amejibu:

Ndugu MwanaTanga, mimi ni fundi wa redio na televisheni, na mwezi Desemba 2012 kibanda changu kilikuwa Mbagala, kwa hiyo nitakueleza niliyoyaona kwa macho yangu.

Hujatiliwa chumvi. Mamlaka ya Mawasiliano, yaani TCRA, ilikuwa imetangaza kwamba mitambo ya analojia ya Dar es Salaam itazimwa usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, kisha mikoa mingine ifuate kwa zamu katika miezi ya mwanzo ya 2013, ikiwemo Dodoma na kwenu Tanga, halafu Mwanza, Arusha, Moshi na Mbeya. Wiki ile ya mwisho ya Desemba sikufunga kibanda kabla ya saa sita usiku. Watu walikuja wakiwa na maswali ambayo mpaka leo nayakumbuka: kama televisheni ikiachwa imewashwa saa sita usiku itaungua, kama redio nazo zitazimwa, kama mtu mwenye deki ya kuchezea kanda naye anahitaji king'amuzi.

Kuna mzee mmoja alifika tarehe 28 jioni akiwa amepakata televisheni ya chogo ya inchi 21, ameifunga kwa kanga mbili kama mtoto mchanga. Alikuja kuniomba niinunue. Njiani alikuwa ameshapewa bei ya shilingi 20,000 na mtu aliyemwambia kwamba televisheni zote za chogo zitakufa ndani ya siku tatu na kwamba ni zile bapa tu zitakazobaki hai. Nilimwomba aketi. Nilichukua king'amuzi changu cha majaribio, nikachomeka nyaya tatu nyuma ya seti yake, ya njano kwa picha, nyekundu na nyeupe kwa sauti, nikaunganisha antena iliyokuwa juu ya bati, na baada ya kutafuta vituo ikatokea TBC1, safi, bila chenga hata moja. Yule mzee alisogea akaweka kiganja chake juu ya kioo na kukiacha hapo kwa muda, kisha akauliza: «Ni hii hii yangu?» Nikamwambia ndiyo, ni hiyo hiyo yako. Aliifunga tena kwa zile kanga, akaondoka nayo.

Nimekusimulia hili kwa sababu ndilo lililonifundisha chanzo cha kiwewe. Watu waliambiwa jambo litazimwa, lakini wachache sana walielezwa kinachozimwa ni nini. Mwaka 2006, katika mkutano wa Shirika la Kimataifa la Mawasiliano uliofanyika Geneva, nchi za Ulaya, Afrika na Mashariki ya Kati zilikubaliana kwamba ifikapo tarehe 17 Juni 2015 matangazo ya analojia yatakoma kulindwa dhidi ya mwingiliano wa mawimbi kutoka nchi jirani. Sababu yake inaeleweka hata na mtoto ukiieleza vizuri: kituo kimoja cha analojia kinakalia nafasi ya megahezi 8 hewani, na katika nafasi hiyo hiyo mtambo wa dijitali unaweza kubeba vituo kumi na zaidi, kisha nafasi inayobaki ikatumika kwa intaneti ya simu. Hakuna televisheni iliyokufa. Kilichobadilika ni namna picha inavyofungashwa kabla ya kurushwa, na king'amuzi ni kifaa cha kuufungua mfungasho huo. Ningepewa dakika tano tu redioni kuyasema haya, naamini yule mzee asingetembea na seti yake barabarani.

Hata hivyo, nisingependa kusema kwamba hofu yote ilikuwa ya bure. Analojia ilikuwa na huruma fulani: mawimbi yakiwa hafifu ulipata chenga, lakini sura ya msomaji ungeiona na taarifa ya habari ungeisikia. Dijitali haina chenga. Ama picha inakuja safi, ama inaganda vipandevipande na baadaye kioo kinakuwa cheusi. Wateja wangu waliokaa mabondeni, ambao kwa miaka walikuwa wameridhika na chenga zao, walinunua ving'amuzi na bado hawakuona kitu mpaka waliponyanyua antena kwenye mlingoti mrefu zaidi. Watu hawa walikuwa na haki ya kulalamika, na malalamiko yao yalimezwa na kelele za wale ambao hawakuwa na tatizo lolote.

Kuhusu mama, mweleze jambo moja tu: kama kweli mfumo ungebadilika, basi king'amuzi cha pili cha aina ile ile kingezimwa siku moja na cha kwanza. Akiba aliyoinunua haimlindi na kitu chochote. Akirudishe dukani mapema kabla hajakifungua.

MzeeWaMagomeni amejibu:

Mwanangu MwanaTanga, pokea salamu zangu, na umfikishie mama pia. Mimi nina zaidi ya miaka sabini, na nataka nikukumbushe kwamba sisi watu wa Bara tuliishi muda mrefu bila kituo chochote cha televisheni. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, jambo walilojivunia kwa haki, lakini huku kwetu Serikali ya Mwalimu iliona kwamba ni anasa ambayo nchi maskini haiwezi kuibeba, na mpaka vituo binafsi kama ITV vilipoanza mwaka 1994 wachache waliokuwa na seti hapa Dar es Salaam waliinua antena ndefu wakizielekeza Unguja. Sisi wengine tulikuwa na Radio Tanzania. Tulizikana na kuozeshana, tulipiga vita vya Kagera na kuvimaliza, bila kuona picha hata moja ndani ya nyumba zetu, na hatukujihisi kwamba tumepungukiwa.

Ungetegemea basi kwamba watu wa rika langu ndio wangekuwa watulivu kuliko wote. Haikuwa hivyo, na nimelitafakari jambo hili kwa miaka. Marehemu mke wangu alikuwa miongoni mwa waliopanga foleni tarehe 30 Desemba 2012 juani, akiwa na shinikizo la damu, kwa ajili ya king'amuzi. Nilimgombeza. Alinijibu: «Wewe mchana unakwenda barazani kwa wenzako. Mimi nikikaa humu ndani sauti ninayoisikia ni hiyo.» Watoto walikuwa wameshaondoka wote. Sikuwa na la kusema.

Umesema mama yako anaishi peke yake. Ukitaka kujua kwa nini alikupigia saa nne na nusu usiku, anzia hapo.

Na kuhusu maji, nadhani umeuliza swali zuri lakini umelitazama upande mmoja. Maji yakikatika, mama yako anajua la kufanya: anachukua ndoo. Ni taabu, ni dhuluma kwa mtu wa umri wake, lakini njia anaijua, kisima anakijua, na wenzake wa kwenda nao anao. Televisheni ikizimwa hana ndoo ya kuchukua. Hajui aende wapi, amuulize nani, wala kama kuna njia ya kuirudisha. Binadamu hutaharuki zaidi pale asipojua mkono wake uanzie wapi, hata kama jambo lenyewe ni dogo.

MkaziWaKayole amejibu:

Mzee wangu, shikamoo. Nimeyasoma maelezo yako mara mbili na ninayakubali, hasa hilo la ndoo. Naandika kutoka Nairobi, na ningependa kuongeza yaliyotokea kwetu, kwa kuwa nina wasiwasi na neno «kiwewe». Neno hili huwa rahisi mno mdomoni mwa wenye mamlaka.

Kwetu mchakato huu uliburutwa kwa miaka. Rais Kibaki alizindua matangazo ya dijitali mwezi Desemba 2009, tena kwa kiwango cha kurusha mawimbi kiitwacho DVB-T, kisha nchi ikahamia kile kipya cha DVB-T2, na wale waliokuwa wepesi wa kununua vifaa vya mwanzo wakajikuta na visanduku visivyoweza kupokea mawimbi mapya. Fikiria somo ambalo raia analipata hapo: anayetii haraka ndiye anayepoteza. Baadaye kampuni tatu kubwa za habari, yaani Royal Media, Nation Media na Standard Group, zilikwenda mahakamani zikidai leseni yao wenyewe ya kusambaza mawimbi, na kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu. Uamuzi wa mwisho ulitolewa tarehe 13 Februari 2015. Siku iliyofuata, Jumamosi, Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ilizima mitambo ya analojia, na Citizen, NTV, KTN na QTV zikapotea hewani zote kwa pamoja. Zilirudi mapema mwezi Machi, baada ya takriban siku 19.

Katika siku hizo nilisikia watu wazima wakisema kwamba nchi imezibwa masikio, kwamba hakuna tena habari Kenya. Haikuwa kweli. KBC na K24 ziliendelea kuonekana kwa wenye ving'amuzi, magazeti yalitoka kila asubuhi, na redio za kampuni hizo hizo zilizolalamika zilikuwa zikitangaza saa ishirini na nne. Jirani yangu mwenye hoteli ndogo, ambaye alikuwa amejinadi kwa runinga yake ya ukutani, aliweka redio juu ya meza ya mandazi, na wateja walikuja vilevile. Tofauti pekee aliyoniambia ni kwamba walikunywa chai kimya zaidi na kuondoka mapema. Kwa hiyo ndiyo, kulikuwa na kutia chumvi kwingi, na hata vituo vyenyewe vilichangia: kabla ya kuzimwa vilikuwa vikirusha matangazo yaliyowatia watazamaji shaka juu ya ving'amuzi vya wapinzani wao wa kibiashara, huku serikali nayo ikihimiza vinunuliwe. Mtazamaji alivutwa huku na huku na watu wawili wenye maslahi, kisha akalaumiwa kwa kuchanganyikiwa.

Lakini sasa tazama yaliyotokea miaka mitatu baadaye. Tarehe 30 Januari 2018, kiongozi wa upinzani Raila Odinga alipokwenda Uhuru Park kujiapisha kuwa «rais wa wananchi», serikali ilizima Citizen, NTV na KTN kwa sababu zilikuwa zikijiandaa kuonyesha tukio hilo moja kwa moja. Safari hii hapakuwa na suala la mitambo wala kiwango cha mawimbi. Tarehe 1 Februari Mahakama Kuu iliagiza vifunguliwe, na bado siku zilipita kabla amri hiyo haijatekelezwa. NTV na KTN zilirudi tarehe 5, Citizen ikachelewa zaidi. Wakati huo niliwasikia watu wale wale walioambiwa mwaka 2015 kwamba wanataharuki bila sababu wakiambiwa maneno hayo hayo, na safari hii walikuwa na haki kamili.

Ndiyo maana naomba tusiuchukulie kila mshtuko wa kupoteza televisheni kama udhaifu wa wananchi. Wengine walishawahi kuzimiwa kweli, na si kwa sababu za kiufundi.

FundiChogo amejibu:

Ndugu yangu wa Kayole, umenisahihisha vizuri na nakushukuru. Hata huku kwetu kuna tukio ambalo nilipaswa kulitaja. Mwezi Agosti 2018 vituo vya ndani vya kutazamwa bure viliondolewa kwenye ving'amuzi vya Azam, DStv na Zuku, kwa maelezo kwamba leseni za kampuni hizo zilikuwa za matangazo ya kulipia. Mtu alikuwa amelala akiwa na ITV, akaamka hana, na kifurushi chake alikuwa amekilipia. Mama yake MwanaTanga huenda analikumbuka hilo vizuri. Ujumbe aliosomewa ulikuwa wa uongo, lakini ulifanana na jambo la kweli lililowahi kumfika, na uongo wa namna hiyo ndio unaoaminika kirahisi kuliko wote.

Ningeweka mpaka hapa tu: kuogopa ni haki yake, lakini kutoa fedha za mbegu kabla ya kuuliza hata mtu mmoja ndiko kulikopita kiasi. Na hapo wa kulaumiwa zaidi ni muuzaji aliyejua kwamba hakuna tangazo lolote, akaendelea kuuza mpaka rafu zikabaki tupu.

BintiPangani_MN amejibu:

Salaam kwenu nyote, na shikamoo Mzee wa Magomeni. Ninaandika kutoka Minnesota, Marekani, ambako nimekuwa nikifanya kazi ya kuwahudumia wazee majumbani mwao tangu mwaka 2007, na nimeingia kwenye mjadala huu kwa sababu nimeona baadhi yetu wanaelekea kuamini kwamba elimu kwa umma ingemaliza tatizo. Mimi niliona elimu ikitolewa kwa wingi, na hofu ikabaki pale pale.

Hapa tarehe ya kuzima analojia ilikuwa 17 Februari 2009. Kwa zaidi ya mwaka mzima matangazo yalipita kwenye televisheni mchana na usiku. Serikali ilitoa kuponi za dola 40, mbili kwa kila kaya iliyoomba, za kupunguza bei ya kifaa cha kubadilisha mawimbi. Na bado mwezi Januari 2009 fedha za kuponi zikafikia ukomo wake, watu wakaanza kuwekwa kwenye orodha ya kusubiri, simu zikawa hazipokelewi, na Bunge likalazimika kupitisha sheria ya kuahirisha tarehe hiyo mpaka 12 Juni. Yaani nchi yenye uwezo wote ule iliahirisha kwa miezi minne kwa sababu ya hofu kwamba mamilioni ya watu wangebaki na vioo vyeusi.

Bibi niliyekuwa nikimhudumia wakati huo alikuwa na miaka themanini na mitano. Televisheni yake ilikuwa imeunganishwa na kebo, na wenye kebo hawakuguswa na mabadiliko hayo hata kidogo. Matangazo yenyewe yalilisema hilo kila siku. Nilimweleza mimi, alielezwa na mwanawe kwa simu, alielezwa na mtu wa kampuni ya kebo. Siku moja nilipofungua kabati la vyombo kutafuta sufuria nilikuta maboksi matatu ya vile vifaa, hayajafunguliwa, yamepangwa nyuma ya sahani za sikukuu. Alikuwa amempa jirani fedha amnunulie, na alinificha kwa kuwa alijua nitamwambia hayahitajiki. Niliketi naye mezani nikamuuliza anaogopa nini hasa. Alinijibu kwamba siku ikizimwa, kila mtu atakuwa na shughuli zake, na hatakuwepo wa kuja kumtengenezea.

Nilichokifanya baadaye kilikuwa kidogo sana. Nilimwandikia kwenye karatasi kwa herufi kubwa kwamba tarehe 12 Juni ni Ijumaa, kwamba mimi nitakuwa zamu siku hiyo, na kwamba nitafika saa mbili asubuhi na kuwasha televisheni mbele yake. Maboksi mawili alikubali yarudishwe. Moja alisema libaki, nami sikubishana naye.

Uingereza, kwa maoni yangu, walilielewa hili mapema zaidi kuliko hapa. Walizima eneo baada ya eneo, wakianza na mji mdogo wa Whitehaven mwaka 2007 na kumalizia Ireland ya Kaskazini mwezi Oktoba 2012, na kwa wazee wenye umri wa miaka 75 na zaidi pamoja na watu wenye ulemavu waliweka mpango maalumu ambao haukuishia kwenye kutoa kifaa, bali ulimpeleka mtu nyumbani kukifunga na kuonyesha namna ya kukitumia. Ndugu MwanaTanga, mama yako ameshapata maelezo ya kutosha kwenye simu. Nafikiri kinachokosekana ni mtu wa kufika.

MwanaTanga ameandika:

Nawashukuru sana nyote, na Mzee wa Magomeni kwa namna ya pekee, kwa kuwa lile la kuanzia kwenye upweke lilinikosesha usingizi. Ijumaa niliomba ruhusa kazini, nikapanda basi la jioni kwenda nyumbani.

Nilikuta king'amuzi cha pili kikiwa bado kwenye sandarusi yake, kama Fundi alivyotarajia. Asubuhi ya Jumamosi tulikwenda nacho dukani pamoja. Mwenye duka alikataa kwanza, kisha akakubali kukipokea kwa kukata shilingi 5,000, na fedha iliyobaki mama aliirudisha kwenye kikoba siku hiyo hiyo. Majirani wawili walirudisha vyao. Wa tatu alikuwa ameshafungua boksi.

Mchana nilikaa naye sebuleni nikafanya kama Dada wa Pangani alivyosimulia. Nilichukua kipande cha boksi, nikaandika kwa kalamu nene namba ya kadi ya king'amuzi chake, namba ya huduma kwa wateja, namba yangu na ya dada yangu, na chini yake mambo matatu ya kufanya kabla ya kutoa fedha yoyote. Tulipiga ile namba ya huduma kwa wateja pamoja, simu ikiwa mkononi mwake, ili asikie mwenyewe kwamba hakuna uhakiki wowote. Nilikibandika kipande kile ukutani kando ya televisheni. Mama alikisoma taratibu mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa nini sijaandika na namba ya watu wa maji.

Sikuwa nayo. Ilinichukua karibu saa nzima kuipata, kwa kupitia kwa mtendaji na kwa mwalimu mmoja mstaafu, nikaiandika chini ya zile nyingine. Jumatatu, nilipokuwa nimesharudi mjini, alinipigia kunieleza kwamba yeye na wanawake wanne walikutana sebuleni kwake na kupiga simu, na wakaambiwa kwamba mota ya pampu imeungua na kwamba mafundi wanasubiri nyingine kutoka Tanga mjini. Aliandika jina la aliyepokea simu na siku aliyoahidiwa, ambayo ni Alhamisi ijayo, pembeni mwa kipande kile kile. Hadi ninapoandika haya bomba bado ni kavu, na amenieleza kwamba Ijumaa asubuhi watapiga tena.